Tengeneza resoneta ya kupima maikrolita chache za kimiminika kwa shaba na kopo la soda

Wakuu, kuna njia ya kupima kimiminika bila kukichovya kitu chochote, bila kukitia kemikali, na bila kuhitaji hata kijiko kizima. Maikrolita mbili tatu zinatosha. Tone la kawaida la dropa lina kama maikrolita 50, kwa hiyo hapa tunaongelea kipande cha tone. Unachohitaji ni pete ya shaba yenye mwanya, kopo la aluminiamu, vile virija vya kioo wanavyovutia damu maabara, na NanoVNA, kale kaanalaiza kadogo kanakotuma mawimbi na kuchora grafu ya yanayopita, ambako mafundi wa antena wanakajua. Mwenye diploma ya elektroniki anaitengeneza wikiendi moja, na anayesoma fizikia anapata kitu cha kuchezea muhula mzima.

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: watu wengi wakisoma habari hizi wanakimbilia kununua bodi za gharama na mashine kubwa, wakati kinachoamua kama kipimo chako kitaeleweka ni mambo mawili ya bure, mrija umeelekea wapi ndani ya mwanya na joto la chumba limekaaje. Ukishika hayo mawili, shaba ya kuokota inafanya kazi.

Wazo lenyewe

Gonga glasi tupu na kijiko, kisha ijaze maji uigonge tena, mlio unashuka. Resoneta ni hivyo hivyo ila badala ya mlio ni mawimbi ya umeme. Pete ya shaba inakuwa koili, mwanya kati ya ncha zake unakuwa kapasita, yaani kitunza chaji, na hivyo viwili vikikaa pamoja vinapenda frikwensi moja tu. Ukipitisha mawimbi ya frikwensi tofauti tofauti, kwenye grafu kunatokea kilele kimoja kirefu chembamba. Weka kimiminika kwenye mwanya, kapasita inakua, kilele kinahamia chini. Na kama kimiminika kinanyonya nishati, kilele kinanenepa na kufupika. Kwa hiyo unapata namba mbili, kilele kipo wapi na kimenenepa kiasi gani. Unene huo tunaupima kwa Q, yaani frikwensi ya kilele ugawe kwa upana wake pale nguvu inapofika nusu.

Kwa nini kapasita inakua? Kwa sababu molekuli za maji zina upande chanya na upande hasi, zinajigeuza kufuata fildi ya umeme. Kipimo cha hiyo tabia kinaitwa pamitiviti. Hewa ni 1, mafuta ya kupikia yapo kama 2.5 hadi 3, ethanoli kama 24, methanoli 33 hivi, maji 78 kwenye nyuzi 25. Tofauti ni kubwa mno, ndiyo maana kitu kidogo namna ile kinaonekana.

Lakini hizo namba ni za frikwensi ndogo, ukipanda kwenye gigahezi mambo yanabadilika. Ethanoli ni nzito kujigeuza, ikifika karibu na GHz 1 inaanza kuchelewa, pamitiviti yake inaporomoka na upotevu, yaani nishati inayonyonywa, unapanda. Maji yenyewe yanaenda na kasi mpaka karibu GHz 19 ndipo yanachoka. Kwa hiyo kwenye GHz 1.2 tunayoitumia hapa, ethanoli imeshuka hadi karibu 13 na inanyonya sana, maji bado yapo karibu 78 na yananyonya kidogo tu. Na kwa waliofundishwa kwamba oveni ya maikrowevu inatumia GHz 2.45 kwa sababu hiyo ndiyo frikwensi ya maji, si kweli, maji hayana kilele chochote hapo. Pia usiogope kupika sampuli yako, NanoVNA inatoa nguvu ya chini ya miliwati moja.

Pete ya namna hii si uvumbuzi wa jana. Hardy na Whitehead waliiandika mwaka 1981, wakiilenga kwa kazi za sumaku na atomi kati ya MHz 200 na 2000. Mwaka 1999 Pendry na wenzake wakazipanga pete kama hizo nyingi pamoja na zikawa maarufu kwa jina la metamateria. Sisi tunataka moja tu.

Vifaa

Shaba: nenda kwa fundi friji au fundi AC umuombe kipande cha bomba la nusu inchi, sentimita 10 zinatosha, mara nyingi analo limetupwa pembeni. Kopo la soda la ml 330, lile nono la kawaida lenye kipenyo cha milimita 66, na la pili kama akiba. Konekta mbili za SMA, zile ndogo za kebo za NanoVNA, za kufungwa kwa nati. Waya wa shaba wa milimita 1. Povu jeupe lile linalokuja na TV mpya. Kipande cha bomba la maji la PPR la milimita 20 cha kukunjia. Tepu ya fedha ya mafundi AC. Kipimajoto kizuri. Mirija ya kapilari isiyo na dawa, ile yenye alama ya bluu, kwa sababu yenye alama nyekundu imepakwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndani na itachafua sampuli yako. Mirija hii ina urefu wa milimita 75, tundu la ndani kama milimita 1.1, nje kama 1.5. Ukipata sindano ya kawaida na kampira kembamba ka drip vitakusaidia mbeleni.

NanoVNA ya kwanza ile ndogo iliundwa kwa MHz 900 na inasukumwa kufika GHz 1.5, ila huko juu inaona kwa shida kidogo. Ile inayofika GHz 3 itakupa amani zaidi. Zote zinafanya kazi.

Kukunja pete

Pasua bomba kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Lipashe moto kwenye jiko la gesi mpaka liwe jekundu, litumbukize kwenye maji, shaba inakuwa laini kama kadibodi na inanyooka kwa nyundo ya mpira bila kugoma. Kata ukanda wa upana milimita 10 na urefu 82. Sugua kwa msasa laini hadi ing'ae, hii si urembo, kwenye GHz 1 umeme unatembea kwenye ngozi ya juu tu ya shaba, kama maikromita 2, sasa hiyo ngozi ikiwa na masizi na mikwaruzo Q inashuka.

Kabla ya kukunja, toboa matundu mawili ya milimita 1.6, moja kila upande, milimita 5 kutoka kila ncha ya ukanda, katikati ya upana. Utaona kazi yake baadaye.

Sasa zungushia ukanda kwenye bomba la PPR, acha milimita 10 kila ncha, hizo ncha zikunje kwenda nje zitazamane kama mabawa mawili. Umbo zima linafanana na ile tundu ya kufuli ya kizamani. Weka mabawa yaachane milimita 2 sawasawa, tumia kipande cha kadi au drili biti ya milimita 2 kama geji, na hakikisha yapo sambamba, yasipanuke mbele wala yasifunge. Huu mwanya ndio roho ya kifaa. Ukiusogeza kwa unene wa unywele tu kilele kinahama megahezi nyingi, kwa hiyo ukishamaliza usiishike tena pete kwa vidole, ishike kwa povu lake.

Kwa vipimo hivi tegemea kilele mahali fulani kati ya GHz 1 na 1.5. Usihangaike kikitua tofauti na cha mwenzako. Mabawa marefu au mwanya mwembamba yanashusha, pete ndogo inapandisha.

Kopo

Pete ikikaa uchi mezani inarusha mawimbi kila upande, kilele kinakuwa kinene, na ukisogeza mkono kinacheza. Inabidi iwe ndani ya chombo cha metali. Watu wanapenda kopo la maziwa ya unga, mimi nakwambia achana nalo, ni bati la chuma na linanyonya. Kopo la soda ni aluminiamu na lina faida nyingine, halina mshono ubavuni. Pete ikikaa imelala, mhimili wake ukiwa sawa na mhimili wa kopo, umeme unaozalishwa kwenye ukuta wa kopo unazunguka duara kama unavyozunguka kwenye pete, sasa mshono wa wima ungeukata njiani, lakini kiungo cha mfuniko hakiukati sana. Ndiyo maana mfuniko unaweza kuubandika kwa tepu tu na maisha yakaenda. Na usitafute chombo kikubwa zaidi. Chombo chenye kipenyo cha sentimita 12 au zaidi kinaanza kuvuma chenyewe kwa frikwensi zilizo jirani na zako, ukaja kudhani ni pete.

Kata kopo libaki na kimo cha milimita 65 hivi. Juu utafunika kwa kipande cha aluminiamu bapa. Ndani kuna koti la plastiki usiloliona, likwangue kwa msasa pale konekta zitakapokaa na pembeni ya mdomo. Konekta moja iingie katikati ya kitako, nyingine katikati ya mfuniko, tundu la milimita 6.5. Aluminiamu haishiki solda kirahisi kwa hiyo tegemea nati, na weka washa maana kopo ni jembamba.

Kwenye kila konekta piga solda waya wa milimita 1 kwenye pini ya katikati, upandishe kidogo, uuzungushe uwe kitanzi cha kipenyo cha milimita 6 kilicholala sambamba na kitako, kisha uurudishe uushikize kwenye mwili wa konekta. Vitanzi hivi ndivyo vinavyoongea na pete, kimoja kinaimba na kingine kinasikiliza. Pete ikae katikati yao kwenye povu, iache kama milimita 10 juu na chini. Povu ni zuri kwa sababu kwa mawimbi ni kama hewa, lakini angalia, supaglu na petroli vinalila, ukipanga kupima petroli funika povu kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Mwisho toboa matundu ya mrija kwenye kopo. Jozi ya kwanza ubavuni, ipange ili mrija ukipita uvuke matundu yote mawili ya mabawa. Jozi ya pili moja kitakoni moja mfunikoni, mrija usimame wima katikati ya mwanya bila kugusa bawa lolote. Matundu madogo hivi hayavujishi kitu, wimbi la GHz 1.2 lina urefu wa sentimita 25. Mrija wa milimita 75 unatokeza kidogo pande zote, yaani ni kama vilipimiwa vikae pamoja.

Kukitafuta kilele

Unganisha kebo, fanya kalibresheni ya kupitisha kebo moja kwa moja, kisha funga kopo katikati. Skani kwa upana kwanza, GHz 0.8 hadi 1.6. Hapa wengi wanakata tamaa kwa sababu NanoVNA ndogo inachora nukta 101 tu, ukizitawanya kwenye MHz 800 kila nukta inaruka MHz 8, na kilele chako chenye upana wa MHz 3 kinaweza kuangukia katikati ya nukta mbili usikione kabisa. Skani vipande vya MHz 100. Ukikiona, banisha span, yaani upana wa skani, hadi MHz 20.

Angalia urefu wa kilele, unasomwa kwa dB, namba ikizidi kuwa hasi kilele ni kifupi zaidi. Ukiona kipo -5 dB vitanzi viko karibu mno, vinaivuta pete, Q unayoisoma ni ya kebo zako na siyo ya pete. Virudishe nyuma mpaka kilele kishuke kati ya -20 na -30 dB. Kikishuka zaidi ya hapo kwenye NanoVNA ndogo kinaanza kuzama kwenye kelele. Ikiwa tupu na imesuguliwa vizuri pete ya namna hii inatakiwa kukupa Q ya mia kadhaa. Ukipata 50 au 80 kagua kama mabawa yanagusana na ukuta, kama pete imelala upande, au kama mfuniko umeachia.

Kuanzia hapo kebo zisisogezwe. Zifunge mezani kwa tepu.

Mrija unaelekea wapi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapofia bila wao kujua.

Fildi ya umeme kwenye mwanya inaruka kutoka bawa hadi bawa. Mrija ukisimama wima kati ya mabawa, fildi inaukuta kwa ubavu. Ukipita kwenye matundu ya mabawa, fildi inapita ndani yake kwa urefu. Kwa macho ni tofauti ndogo, kwa kipimo ni mbingu na ardhi.

Fildi ikiukuta mrija kwa ubavu, chaji zinajikusanya kwenye kingo za kimiminika na kuisukuma fildi nje. Ndani inabaki fildi iliyopunguzwa kwa 2 ugawe kwa pamitiviti jumlisha 1, kwa maji hiyo ni kama sehemu moja ya arobaini. Matokeo yake ni kwamba kilele kinahama kulingana na pamitiviti toa 1, ugawe kwa pamitiviti jumlisha 1. Fanya hesabu mwenyewe: maji yanatoa 0.97, methanoli kwenye frikwensi hii 0.93, mafuta ya kula 0.44. Umeona? Mafuta na maji vinatengana vizuri, ila maji na methanoli vimekaribiana kabisa ingawa pamitiviti moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine. Mtu anakaa na mrija wima anapima maji yenye sukari asilimia 5 na 10, haoni tofauti, anaanza kulaumu kifaa.

Ukipitisha kwa urefu, fildi haizuiliwi, kilele kinahama karibu sawasawa na pamitiviti yenyewe. Kwa pete ya vipimo hivi maji yanaweza kukishusha kilele kwa zaidi ya MHz 100. Sehemu ya mrija iliyo ndani ya mwanya ni milimita 2 tu, hizo ni kama maikrolita 1.9, na hizo ndizo zinazosomwa. Kilichobaki mrijani ni abiria.

Basi kwa nini tusipitishe kwa urefu siku zote? Chumvi. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme, na hiyo inaongezeka kwenye upotevu. Saline ya hospitali, yale maji ya chumvi ya drip, ya asilimia 0.9 kwenye GHz 1.2 ina upotevu mara sita hivi ya maji safi, kwa urefu inaweza kuishusha Q hadi kwenye kumi na kitu au chini, kilele kinageuka kilima butu usichoweza kukisoma. Ile ile saline ukiiweka wima, kilele kinabaki kimesimama, hakihami sana ukilinganisha na maji, ila Q inashuka kwa namna inayosomeka vizuri. Kwa hiyo mimi nafuata hivi: mchanganyiko wa maji na pombe, sukari, gliserini, napitisha kwa urefu. Chochote chenye chumvi, maziwa, supu, jasho, maji ya kisima cha pwani, nasimamisha wima na naangalia Q kuliko frikwensi. Mafuta yanakubali njia zote mbili, kwa urefu ndiyo bora.

Kupima

Anza na mchanganyiko unaoujua mwenyewe. Tumia maji yaliyotoneshwa, na hapa kuwa makini dukani maana ukiomba maji ya betri unaweza kupewa asidi, omba distildi wota na usome chupa. Ethanoli safi ukiipata ni vizuri. Spiriti ya zambarau ina methanoli na rangi, haifai kutengenezea mizani.

Changanya kwa kupima uzito, siyo ujazo. Ukichanganya ml 50 za maji na ml 50 za ethanoli hupati 100, unapata kama 96 au 97, molekuli zinaingiliana nafasi. Tengeneza asilimia 0, 10, 20, 30, 40 za ethanoli na kuendelea, kila moja kwenye kichupa chenye kizibo kwa sababu ethanoli inaruka haraka kuliko unavyofikiri.

Sasa utaratibu. Mrija mtupu kwanza uingie mahali pake, subiri dakika chache, soma kilele. Halafu bila kuutoa mrija, gusisha tone kwenye ncha iliyotokeza nje, kimiminika kinavutwa chenyewe hadi ndani, kama kikigoma sukuma kidogo kwa sindano na kale kampira. Ukijaza kwa urefu kilele kitakimbia nje ya span yako, kitafute chini huko, usidhani kimekufa. Soma tena. Kuuacha mrija mahali pake ni muhimu sana, mirija haina unene mmoja wa kioo, na hata mrija ule ule ukiutoa na kuurudisha haukai pale pale. Unachotunza kwenye daftari ni tofauti kati ya mtupu na uliojaa, kwa siku hiyo, kwa mrija huo.

Mapovu ya hewa ni adui. Kipovu kinachoziba mrija kwa urefu wa nusu milimita tu ndani ya mwanya kinachukua robo ya sampuli yako yote, grafu itakwambia una pombe kali wakati una maji. Tazama kwa tochi kabla ya kufunika, na pima kila kimiminika mara kadhaa kwa kujaza upya, siyo kwa kubonyeza kitufe mara kadhaa. Nenda kutoka nyembamba kwenda kali, ukisuuza na sampuli inayofuata, mrija wote upitishiwe mara mbili tatu kabla ya kusoma. Futa nje ya mrija. Tone lililobaki kwenye bawa linapimwa pia.

Hesabu kwenye Excel

Usisome kilele kwa marka ya skrini tu. Span ya MHz 20 kwa nukta 101 inakupa hatua ya kHz 200, na unaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo kwa hesabu ya fomu six. Hifadhi data, chukua nukta za karibu na kilele, zile zisizoshuka zaidi ya dB 5 hivi kutoka juu. Safu moja weka x, ambayo ni frikwensi kwa MHz toa namba nzima ya karibu na kilele. Safu ya pili weka y, ambayo ni 10 kwa kipeo cha dB hasi ugawe kwa 10, yaani nguvu iliyopinduliwa. Ajabu yake ni kwamba kilele cha resoneta ukikipindua hivi kinakuwa parabola safi. Piga trendilaini ya polinomia daraja la pili, na kwenye fomati ya namba ongeza desimali maana Excel inapenda kukuzungushia.

Tuseme umetoa 1210 na umepata y = 400x² − 320x + 1064. Kilele kipo kwenye x = 320 ugawe kwa 800, yaani 0.4, kwa hiyo MHz 1210.4. Kina cha parabola ni 1064 toa 64, sawa na 1000, ambayo ni -30 dB. Upana ni mara 2 ya kipeuo cha pili cha 1000 ugawe kwa 400, unapata MHz 3.16. Q ni 1210.4 ugawe kwa 3.16, kama 383. Kuondoa mchango wa kebo gawa kwa 0.968, ambayo ni 1 toa 10 kwa kipeo cha -30/20, unapata kama 396. Basi. Hii inafanyika hata kwenye simu.

Ukimaliza vichupa vyote chora mhamo wa kilele dhidi ya asilimia, upate mstari wako wa rejea. Hautanyooka, hasa upande wa pombe nyingi, na usiulazimishe unyooke. Sampuli usiyoijua unaisoma kwenye mstari huo.

Joto

Maji yana pamitiviti 80 kwenye nyuzi 20 na 78 kwenye nyuzi 25, yaani inashuka kwa 0.36 hivi kila nyuzi. Ethanoli ikiongezwa kwenye maji kwa asilimia moja inaishusha kwa 0.57 hivi. Linganisha hizo mbili. Chumba kikipanda nyuzi 2 mchana, kifaa chako kitakwambia maji safi yana pombe zaidi ya asilimia moja. Shaba nayo inatanuka, lakini hiyo ni kama kHz 20 kwa kila nyuzi, ndogo, na kipimo cha mrija mtupu kinaiondoa. Cha kimiminika hakiondoki.

Kwa hiyo zima feni, usikae karibu na dirisha lenye jua, vichupa na kopo vikae meza moja lisaa lizima kabla ya kuanza, na andika joto kila usomaji. Kwa sisi wa Dar tunaofanya kazi mchana na AC inayozima na kuwaka kila baada ya muda, usiku ni bora. Wengine wanafunga kopo ndani ya boksi la povu na kuliacha humo humo, ni rahisi na inasaidia kuliko kununua kifaa kipya.

Usichoweza kukiuliza

Kila nikieleza hii kitu lazima mtu aulize kama inaweza kupima gongo au chang'aa yenye methanoli. Jibu langu ni hapana, na tafadhali usimpe mtu anywe kwa sababu ya kilele. Kifaa kinakupa namba mbili, frikwensi na Q. Gongo lina maji, lina ethanoli, huenda lina methanoli, na lina uchafu mwingine wa kupikia, vitu visivyojulikana ni zaidi ya namba ulizonazo, michanganyiko tofauti kabisa inaweza kutua mahali pamoja kwenye grafu. Maabara ina njia zake za kutenganisha kwanza ndipo ipime. Damu nayo iache, siyo kwamba haipimiki, ni kwamba unashika damu ya mtu kwenye meza unayolia chakula.

Kinachokubali vizuri ni swali lenye kitu kimoja kinachobadilika. Maji na gliserini. Sanitaiza ya kutengeneza mwenyewe kama imefika asilimia uliyopanga. Maji ya kisima yanavyoongezeka chumvi kiangazi. Maziwa yaliyoongezwa maji nayo yanajaribika mrija ukiwa wima, kwa sababu chumvi za maziwa zinazimuliwa na Q inapanda, ila lazima uwe na maziwa ya ng'ombe yule yule yasiyoguswa ya kulinganishia, maana ng'ombe na ng'ombe hawafanani.

Ukishaizoea pete na ukataka kuihamishia kwenye bodi, pete mbili za kuchongwa kwenye shaba na njia ya mawimbi chini yake, fahamu kwamba bodi ya kawaida ya FR4 ina upotevu wa kama 0.02, hiyo peke yake inaibana Q kwenye 50 hivi pale fildi nyingi inapopita ndani ya bodi. Bodi ya Rogers RO4003C, iliyotengenezwa kwa ajili ya mawimbi, ina upotevu wa 0.0027, bei yake ndiyo hiyo. Kwa kujifunza FR4 inatosha, chora hiyo njia ya mawimbi kwa upana wa milimita 3 kwenye bodi ya unene wa milimita 1.6 upate omu 50, na mrija uulaze juu ya mwanya wa pete ukielekea bawa hadi bawa, siyo kuukata.